Daktari Anajibu: Uvimbe Sugu Mwilini na Ugonjwa wa Moyo

Barua nyingi tulizopokea karibuni kutoka Kisumu, Siaya, Nakuru na Vihiga zinarudia jambo moja. Wasomaji wamesikia kwamba kinachoua moyo si mafuta yaliyo kwenye damu bali ni uvimbe sugu wa ndani kwa ndani, na wanataka kujua kama habari hiyo ni ya kweli na kama ipo dawa ya kuutuliza. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezijibu kwa kirefu na nyingine kwa ufupi, kwa kuwa hazina uzito sawa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 63, mkazi wa Milimani, Kisumu. Mwanangu alinilipia uchunguzi wa mwili mzima, na karatasi ya maabara ikaonyesha kolesteroli ya LDL ya 2.8, shinikizo la damu la 138 kwa 86, na kipimo kiitwacho hs-CRP cha 4.2. Niliambiwa tu kwamba nina uvimbe mwilini, ilhali sioni nilipovimba. Kaka yangu alifariki kwa mshtuko wa moyo, na kolesteroli yake, kama tulivyoambiwa, haikuwa mbaya. Je, uvimbe huu ndio uliomuua, na mimi nifanye nini?

Mwalimu, pole sana kwa kumpoteza kaka yako. Siwezi kukueleza kilichomuua bila kuliona faili lake, lakini swali lako ni la msingi na nitalijibu kwa kirefu.

Mtu akijikata kidole kwa kisu, mahali hapo hupata wekundu na joto, pakavimba na kuuma, kwa sababu chembe nyeupe za damu zimekimbilia pale kupambana na vijidudu na kuondoa uchafu. Siku chache baadaye kazi huisha nazo hutawanyika. Uvimbe sugu ni kazi iyo hiyo isiyofika mwisho: chembe hizo huitwa kila siku, kwa kiwango cha chini, mahali ambapo hakuna kidonda cha kupona. Hauonekani kwa macho, haushikiki kwa mkono na kwa kawaida hauumi, ndiyo maana ulijitazama usione kitu.

Katika mishipa inayolisha moyo, mambo huanza pale ngozi laini ya ndani ya mshipa inapochoshwa na moshi wa tumbaku, na presha iliyopanda, au na sukari iliyozidi. LDL, yaani chembechembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, hupenya na kunasa ukutani mwa mshipa, ikabadilika na kuonekana kama kitu kigeni. Chembe nyeupe huingia kuimeza, zikajaa mafuta kupita kiasi na kufia humo humo, na mabaki yake huita nyingine. Kwa miaka mingi hujengeka donge lenye kiini cha mafuta na kifuniko cha nyuzi ngumu juu yake. Chembe zilizomo hutoa vimeng'enya vinavyozila nyuzi hizo, hata kifuniko kikabaki chembamba mfano wa utando unaotanda juu ya uji unaopoa. Siku kitakapopasuka, kilichomo ndani hugusana na damu, damu huganda papo hapo, na sehemu ya moyo hukosa hewa ya oksijeni. Donge linalopasuka si lazima liwe kubwa, na ndiyo sababu mtu anaweza kupanda ngazi bila kuhema wiki hii na kupatwa na mshtuko wa moyo wiki ijayo.

Fikira hii si ngeni. Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani, aliandika habari za uvimbe katika kuta za mishipa katikati ya karne ya 19. Mwaka wa 1913 Nikolai Anitschkow wa Urusi aliwalisha sungura kolesteroli na mishipa yao ikaharibika, na kwa miongo mingi baada ya hapo macho ya watafiti yalielekezwa kwenye mafuta. Mwaka wa 1999 Russell Ross, mtafiti wa Kimarekani, alirudisha hoja ya uvimbe mezani kwa nguvu. Hata hivyo, ilibidi tusubiri hadi 2017 ndipo ukapatikana ushahidi wa majaribio. Timu ya Paul Ridker wa Boston iliwafuatilia wagonjwa 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao, yaani kipimo cha uvimbe kama kile cha kwenye karatasi yako, ilikuwa 2 au zaidi. Baadhi yao walidungwa kila baada ya miezi mitatu sindano ya kanakinumabu, dawa inayozima ishara moja ya uvimbe bila kugusa kolesteroli. Kwa waliopata dozi ya miligramu 150, idadi ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vitokanavyo na magonjwa hayo ilipungua kwa asilimia 15. Kwa hiyo, naam, uvimbe ni mshiriki wa kweli katika ugonjwa huu.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa kuwa wauzaji wa vidonge hawausimulii. Dawa hiyo iliongeza maambukizi yenye kuua, bei yake haishikiki, na haikuidhinishwa kwa ajili ya moyo. Jaribio jingine la wagonjwa 4,786, ambao baadhi yao walipewa methotreksati ya dozi ndogo, dawa inayojulikana vyema kwa kutuliza viungo vilivyovimba, halikupunguza mishtuko ya moyo hata kidogo. Si kila kinachotuliza uvimbe kinaulinda moyo. Vilevile wanaodai kwamba kolesteroli imesingiziwa wanapotosha watu, maana LDL isiponasa ukutani mwa mshipa, chembe nyeupe hazina cha kufuata pale.

Tuje kwenye karatasi yako. CRP ni protini inayotengenezwa na ini, na iligunduliwa New York mwaka wa 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Inapopimwa kwa ajili ya moyo, chini ya 1 huhesabiwa kuwa hatari ndogo, kati ya 1 na 3 hatari ya wastani, na zaidi ya 3 hatari kubwa. Ikipita 10, kwa kawaida tunatafuta maambukizi kwanza. Kipimo hiki hakisemi moto unawaka wapi. Malaria, ambayo sisi wa kando ya ziwa tunaishi nayo, huipandisha juu sana, na hata mafua au jino lililooza huipandisha. Uliugua chochote juma lile? Rudia kipimo baada ya wiki mbili au zaidi ukiwa mzima kabisa. Ikibaki juu ya 2, tutaihesabu pamoja na mambo mengine, wala si peke yake.

Na mambo hayo mengine, Mwalimu, ndiyo yaliyonisimamisha niliposoma barua yako. Presha ya 138 kwa 86 kwa mtu wa miaka 63 si ya kupuuzwa, nayo ingepimwa kwa siku kadhaa ukiwa umetulia kitini, mkono ukiwa mezani. Sukari hukuitaja, wala figo. Hukusema kaka yako alifariki akiwa na umri gani, na kama hakuwa amefika miaka 55, hilo linaongeza uzito katika hesabu yako. Ukiyapeleka yote hayo kliniki, daktari anaweza kuamua kukuanzishia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, japo LDL yako si kubwa. Katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2008, watu 17,802 wenye LDL chini ya 3.4 na CRP ya 2 au zaidi waligawanywa mafungu mawili, na fungu lililopewa rosuvastatini lilipata matukio ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Statini hushusha LDL na CRP kwa pamoja, hivyo jaribio hilo halikuamua ni kipi kati ya viwili kilichosaidia zaidi. Kwa mgonjwa aliyeketi mbele yangu, ubishi huo una umuhimu mdogo.

Nakaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, hapa Obunga, Kisumu, na nina miaka 52. Magoti yananiuma, hivyo kila asubuhi nameza diklofenaki ninayonunua kwa kemisti. Jirani ameniambia niendelee tu, kwa kuwa dawa hiyo inaondoa uvimbe na uvimbe ndio unaoharibu moyo. Nina presha na natumia vidonge vya kliniki.

Mama, jirani yako anakutakia mema, lakini ushauri wake unaweza kukuumiza. Tafadhali acha vidonge vya diklofenaki, wala usiache vya presha.

Naijua vizuri ile bahasha ndogo ya khaki iliyoandikwa moja mara mbili kwa kalamu, isiyo na jina la ugonjwa wala tarehe ya kurudi. Vidonge vilivyomo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali za maumivu, na hapo goti hupata nafuu. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachozalisha kemikali inayoilegeza mishipa na kuizuia damu isigande ovyo. Isitoshe, figo huanza kuhifadhi chumvi na maji, presha hupanda, na vidonge vya kliniki hupungua nguvu. Unaweza kuwa unapanda kilima kwa mguu mmoja na kukishuka kwa mwingine kila siku bila kujua kwa nini presha yako haikai sawa.

Haya hayakusemwa kwa kukisia. Dawa ya jamii hiyo iitwayo Vioxx iliondolewa sokoni mwezi Septemba 2004 baada ya kuonekana kuongeza mishtuko ya moyo na viharusi. Mwaka wa 2013 watafiti walikusanya majaribio mengi na kukadiria kwamba kati ya watu 1,000 wanaotumia diklofenaki kwa dozi kubwa mwaka mzima, takriban watatu zaidi hupata tukio kubwa la moyo au mishipa kuliko ambavyo wangepata bila dawa hiyo, na mmoja kati ya hao hufa. Mwaka uo huo wasimamizi wa dawa wa Ulaya walielekeza kwamba mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asipewe kabisa. Asprini ya dozi ndogo ambayo wagonjwa wa moyo hupewa ina kazi tofauti: huzuia visahani vya damu, chembe zinazogandisha damu, visishikane, na hata hiyo si ya kujianzishia nyumbani, kwa kuwa huvujisha damu tumboni.

Kwa magoti, jaribu diklofenaki ya kupaka, ambayo ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu, au parasetamoli bila kupita gramu 4 kwa siku. Fanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja. Mtaalamu wa tiba ya viungo atakuonyesha ukiwa umeketi kitini. Ukipunguza uzito utaona tofauti kwenye magoti na kwenye moyo pia, kwa sababu mafuta yaliyokusanyika ndani ya tumbo hayalali tu, bali humwaga ishara za uvimbe kwenye damu usiku na mchana. Jambo moja nataka lichunguzwe: je, unapoamka vidole vya mikono yote miwili huwa vimekaza kwa zaidi ya saa moja na vifundo vimevimba? Kama ndivyo, huenda hayo si magoti ya uchovu bali ni baridi yabisi ya kingamwili, na wenye ugonjwa huo hupata magonjwa ya moyo takriban mara moja na nusu kuliko watu wengine. Huo una dawa zake maalumu, na kuutibu mapema ni sehemu ya kuulinda moyo.

Hukuuliza habari za moshi, lakini siwezi kumaliza bila kuutaja. Umeinama juu ya karai la mafuta yanayochemka, kuni zikifuka chini, kwa miaka mingi. Vumbi jembamba la moshi huo hufika ndani kabisa ya mapafu, mapafu huvimba, na ishara za uvimbe husafiri kwa damu hadi kwenye mishipa ya moyo. Ndiyo maana mwanamke ambaye hajawahi kushika sigara anaweza kuwa na mishipa inayofanana na ya mvutaji. Tumia kuni zilizokauka vizuri, simama upande upepo unakotoka, na kama mnafanya kazi kwa kikundi, changeni mjenge jiko lenye dohani. Hiyo ni gharama, najua, lakini kati ya yote niliyokuandikia, hili pamoja na presha ndiyo ningeyatanguliza.

Ukipata maumivu yanayobana kifuani yakienda kwenye mkono, shingo au taya, pamoja na jasho jembamba, usiyasingizie gesi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nina miaka 47, naishi Siaya. Nimetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV kwa muda mrefu na virusi havionekani tena kwenye kipimo. Juzi kliniki walitaka kuniongezea statini ingawa LDL yangu ni 2.6. Kwa nini nimeze dawa ya kolesteroli nisiyo nayo?

Ndugu, hongera kwa kuvidhibiti virusi. Kliniki yako ina sababu nzuri. Virusi visipoonekana kwenye damu havijatoweka. Vinajificha kwenye tezi na kwenye utumbo. Utumbo ulioumizwa mwanzoni mwa maambukizi huendelea kuvujisha vipande vya bakteria kwenye damu, na kinga ya mwili hukaa macho wakati wote. Huo ndio uvimbe sugu tunaouzungumzia, nao ni sababu moja kwa nini watu wanaoishi na HIV hupata ugonjwa wa moyo karibu mara mbili zaidi ya wenzao wa umri uo huo.

Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2023 yalitokana na watu 7,769 wa nchi 12, ikiwemo jirani yetu Uganda, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, ambao hatari yao ya moyo ilihesabiwa kuwa ndogo au ya wastani na ambao LDL yao kwa kawaida ilikuwa takriban 2.8, yaani watu wa hali kama yako. Waliopewa pitavastatini kila siku walipata matukio makubwa ya moyo pungufu kwa asilimia 35. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila watu 1,000 kwa mwaka, matukio yalikuwa karibu 7 kwa wasiopewa na karibu 5 kwa waliopewa. Faida hiyo si kubwa ya kushangaza, lakini hujumlishwa mwaka hadi mwaka. Upande wa pili wa mizani ni kwamba baadhi walipata maumivu ya misuli na waliopata kisukari waliongezeka kidogo, kwa hiyo pima sukari kila unapopangiwa.

Mweleze mhudumu majina ya dawa zote unazotumia. Kidonge chenye dolutegraviri, ambacho wengi wetu hapa Kenya wanakitumia, hakigombani na statini. Ukiwa kwenye dawa zinazoambatana na ritonaviri, simvastatini hairuhusiwi kabisa. Na kama unavuta sigara, kuacha kutakufaa zaidi ya kidonge chochote.

Binti yangu wa miaka 11, hapa Njoro, Nakuru, aliumwa koo mara nyingi, kisha viungo vikavimba. Daktari alisema valvu moja ya moyo imeathirika na akamwandikia sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Je, huu ndio uvimbe wa moyo unaoandikwa magazetini?

La, mama, huu ni ugonjwa mwingine. Bakteria wa koo aina ya streptokoka huiamsha kinga ya mwili, na kinga hiyo, ikidhani inapiga bakteria, huzipiga valvu za moyo kwa kuwa zina maumbo yanayofanana nao. Kinachoharibika ni milango ya moyo, si mishipa inayoulisha, na mafuta hayahusiki kwa lolote. Kila maambukizi mapya ya koo yanaweza kuiongezea valvu kovu, ndiyo maana sindano zisikatizwe hata akionekana mzima na anacheza na wenzake. Zitaendelea kwa miaka mingi, mara nyingi mpaka utu uzima. Zinauma, na mtoto atalia. Mwombe muuguzi aipashe dawa joto viganjani na aisukume polepole. Pangeni na hospitali tarehe za kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na watoto wengine nyumbani wakiumwa koo pamoja na homa, wapelekeni wakatibiwe mapema.

Manjano, tangawizi na kitunguu saumu vinasifiwa kwamba vinaondoa uvimbe na kusafisha mishipa. Sisi wa Vihiga tuvitumie vipi?

Vitumieni jikoni. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vinazuia mshtuko wa moyo, na hakuna chakula kinachosafisha donge lililokwisha kujengeka. Kinachofaa ni mlo mzima: mboga za kienyeji, maharagwe, omena, ambao wana mafuta mazuri ya omega-3, na ugali wa unga usiokobolewa. Soda na mandazi viwe vya siku mojamoja, na mafuta ya kukaangia yasirudiwe rudiwe hadi yawe meusi. Kwa wenye presha nawakumbusha habari ya magadi. Mrenda hulainika kwa magadi, lakini magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo, na nimekutana na wagonjwa walioacha chumvi mezani huku magadi yakiendelea kumwagwa chunguni bila kipimo. Punguzeni kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee.

Vidonge vya manjano vilivyokolezwa ni jambo tofauti na kijiko cha manjano kwenye mchuzi. Wapo watu walioripotiwa kuumia ini baada ya kuvitumia, na kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge vya manjano, tangawizi au kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, hivyo amwonyeshe daktari chupa yenyewe kabla ya kumeza.